Mfalme Amekwenda Kununua Mkate

Siku ya Vardavar shemeji yangu Zaven alishuka kununua mkate, akavuka ua wote katikati ya maghorofa yetu, akarudi mkavu. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumemzika mtu angali anapumua.

Kwetu Gyumri hiyo ni sikukuu ya maji, hakuna anayebaki mkavu. Maji yanamwagwa tangu asubuhi, kwa ndoo, kwa sufuria, kwa chupa zilizotobolewa vifuniko, kutoka madirishani na nyuma ya milango. Padri analowa. Polisi analowa na sare yake. Mwaka jana nilimmwagia beseni zima bwana mmoja aliyevaa suti ya kwenda harusini, akanitukana huku anacheka. Kumwagiwa maji ni kuhesabiwa. Anayepita bila tone ni maiti au ni mtu asiyependwa, na Zaven alikuwa anapendwa kupita kiasi. Watoto walikuwa na ndoo zimejaa, mama zao wakawakonyeza, ndoo zikawekwa chini. "Pita, Mwalimu, pita taratibu," wakamwambia kwa ile sauti ya wodini. Akapita, mkate kwapani, viatu vikilia chwa chwa kwenye maji ya wenzake.

Niliyaona yote kupitia dirisha la saluni yangu, chini ya ghorofa yetu, nikiwa na kichwa cha mteja mkononi na rangi imefika nusu. Nilitamani kutoka nimrushie beseni. Lakini jana yake dada yangu Satenik, mkewe Zaven, alikuwa amepita mlango kwa mlango akituapisha kwamba mumewe asiguswe na maji. Mimi alinishika mkono kabisa. Dada yangu akikushika mkono hivyo, unaapa.

Huyu Zaven ni mwalimu wa sataranji. Kwetu sataranji ni somo kama hesabu, mtoto anarudi nyumbani na alama zake, na akifeli bibi yake anamsema mpaka chakula kinapoa. Uani kwetu karibu kila mtu alipita mikononi mwa Zaven. Baada ya tetemeko la ardhi, shule ilipokuwa kifusi, aliwafundisha kwenye banda la bati, ubao umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pumzi zao zikitoa moshi kwa baridi. Na alikuwa mkali. Kwake yeye hatua kumi za kwanza zilikuwa zimeshaamuliwa na watu wenye akili kukushinda, kazi yako ni kuzikariri na kunyamaza. Askari wa katikati kwanza. Farasi kabla ya tembo. Mfalme alale mapema pembeni, nyuma ya askari wake. Na boti isitoke bandarini kabla mfalme hajalala.

Ndiyo, boti. Wengine wanaiita ngome, sisi tunaiita boti. Nchi yetu haina bahari hata ya kuoshea miguu, lakini kila ubao una boti nne, na Zaven alizichunga utadhani zina abiria ndani.

Mimi ndiye mwanafunzi aliyemshinda kufundisha. Huchoka upesi na mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Huanza na askari wa pembeni kabisa, yule ambaye hata mwenyewe hategemei kuitwa. Nina ufunguzi wangu uitwao Miguu ya Ng'ombe, farasi wote wawili wanatupwa pembeni, huku na huku, kama miguu inavyochungulia nje ya sufuria ya supu. Nina mwingine uitwao Mama Mkwe, ambapo malkia anatoka hatua ya pili, anakaa katikati ya nyumba, na haondoki hata ufanyeje. Zaven alikuwa akiona hayo anashika kichwa.

"Knarik, wewe ni aibu ya ukoo."

"Ukoo upi, shemeji? Wetu ulikuwa na heshima zake mpaka ulipokuja kuoa."

Alinifunga karibu kila Jumapili. Lakini mara mojamoja ujinga wangu ulimchanganya nikamfunga, na siku hizo dada yangu aliniambia hakugusa chakula. Hizo zilikuwa Jumapili zangu nzuri kuliko zote.

Mwezi wa Aprili akapata kiharusi. Kidogo, walisema madaktari. Mkono ukarudi, ulimi ukarudi, hata kutukana kukarudi. Kilichokataa kurudi ni zile hatua kumi za kwanza. Zilifutika zote, zile ziitwazo za Wahispania, zile za Waitalia, zote alizokuwa akitukaririsha.

Tulilijua hilo mwezi wa Juni, aliposhuka kucheza na Misak kwenye meza ya zege. Misak ni mwenye duka la dawa, mwanafunzi wake bora, mtu anayebeba vitabu vyote vya sataranji ndani ya simu yake. Hatua ya nne, mkono wa Zaven ukasimama hewani juu ya tembo. Ukakaa hapo. Uani kwetu mtu akichelewa kucheza huulizwa aletewe godoro. Siku hiyo hakuna aliyefungua mdomo. Misak akaanza kucheza ovyo kwa makusudi, akamwacha malkia wake aliwe bure, kisha akasema, "Mwalimu, umenimaliza." Watu wakapiga makofi. Zaven akayasikiliza yale makofi mpaka yakaisha, akainuka, akasema ahsante, akapanda ngazi. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akisema ahsante mbele ya ubao.

Basi tukawa na adabu. Sisi, watu wa mji ambao hata msibani lazima mtu mmoja amchekeshe mjane, tulianza kumwamkia Zaven kwa kuinamisha vichwa. Tulidhani tunamtendea wema. Naye akajifungia ghorofa ya tatu, akakaa dirishani akitazama ukuta wa mawe meusi wa jengo la jirani, hashuki ila kufuata mkate.

Kesho yake baada ya ile Vardavar nikachukua ubao wangu wa kukunja, wenye farasi mmoja aliyevunjika sikio, nikapanda. Satenik alifungua mlango kidogo tu, akajaza nafasi iliyobaki kwa mwili wake.

"Hicho nini?"

"Ubao."

"Naona ni ubao. Unakwenda nao wapi?"

"Kwa mumeo."

"Knarik, daktari amesema asisumbuliwe."

"Mimi sisumbui, dada. Mimi ni shemeji yake."

"Si ndiyo hiyo ninayosema."

Nikapita chini ya mkono wake. Nimekuwa nikipita chini ya mkono wake tangu nikiwa mtoto.

Zaven hakugeuka. "Sichezi," aliuambia ukuta.

"Nani kakuomba? Kwangu kuna joto, nimekuja kucheza peke yangu kwenye upepo wenu."

Nikapanga kete mezani nyuma ya mgongo wake. Nikatoa askari wa mbele ya mfalme mweupe, hatua mbili. Nikajijibu upande wa weusi vilevile. Mpaka hapo ilikuwa sataranji ya watu wenye heshima zao. Kisha nikamshika mfalme mweupe kichwa, nikamsogeza mbele nyumba moja, nje kabisa ya kitanda chake, na nikamtua kwa kishindo ili isikike.

Zaven anajua ubao kwa masikio. Kiti kikalia.

"Umecheza nini wewe?"

"Nimecheza."

"Hatua ya pili? Mfalme anakwenda wapi?"

"Amekwenda kununua mkate."

Jikoni dada yangu akaacha kuosha vyombo. Nilijua nimefika pabaya, lakini nilikuwa nimeshafika.

"Na atarudi mkavu?" akauliza Zaven.

"Hilo liko mikononi mwako. Mimi ningekuwa na weusi ningemlowesha mpaka soksi."

Akageuza kiti. Akautazama ubao muda mrefu, midomo ikimchezacheza, anatafuta. Nilimwona akipekua kichwa chake kama mtu anayepekua mfuko wa koti akijua ufunguo ulikuwemo. "Jibu lake," akasema, "jibu lake silikumbuki." Alilisema kwa aibu, chini kwa chini, na mimi roho ikaniuma.

"Hulikumbuki kwa sababu halikuwahi kufundishwa! Nimeutunga huu ngazini, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Nani atajisumbua kufundisha upuuzi kama huu? Hapa, shemeji, mimi na wewe na bingwa wa dunia sote hatujui kitu."

"Sote hatujui kitu," akarudia. Akalirudia tena, taratibu, analionja.

Kisha akacheza. Jamani, alivyocheza! Hakukumbuka hata jambo moja na hakuhitaji kukumbuka. Kufikiri kulikuwa hakujamtoka, kumbe tulikuwa tumechanganya vitu viwili. Akaninyima nyumba ya kulia, akaninyima ya kushoto, mfalme wangu akazururishwa ubao mzima bila viatu na akafia kwenye kona iliyo mbali kabisa na mkate. Nilijitahidi kwa nguvu zangu zote. Nilitoka jasho mpaka wanja ukaniteremka.

Nikategemea acheke. Akanikazia macho.

"Umeniachia."

"Mimi?"

"Misak naye alisema nimemmaliza."

"Mimi nikuachie wewe? Zaven, nimeishi maisha yangu yote nikimwomba Mungu anipe Jumapili ya kukufunga! Tazama vidole!" Nikamwonyesha kucha nilizozitafuna, mimi mwenye saluni, kucha zangu ndizo tangazo langu.

Hakuamini. Akaanza kurudisha kete kwenye sanduku, moja moja. "Kusahau nimeshazoea, shemeji. Nikisahau nauliza. Kinachoniua ni kwamba sijui tena nani anacheza na mimi na nani ananiuguza. Nikishinda sijui kama nimeshinda. Hata salamu zao sijui ni salamu au ni dawa."

Satenik alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Alilisikia hilo. Sikumtazama, ila nilisikia kitambaa kikipindwapindwa.

"Nitashuka mara moja tu," akasema Zaven. "Na Misak, mbele ya watu wote. Akiniachia, nitajua. Na nikijua, msinipandishie ubao tena humu ndani."

Nilikwenda dukani kwa Misak siku ileile. Alikuwa anapanga dawa za kikohozi.

"Utacheza na Mwalimu, na utamfunga," nikamwambia. "Ukiweza."

"Shangazi Knarik, nimfunge mgonjwa? Mama yangu atanilaani."

"Mwaka jana ulimwita mwizi wa askari mbele ya mkewe."

"Mwaka jana alikuwa mzima."

"Misak, mtu huyu anakufa kwa adabu zenu. Unazo dawa za hilo hapo kabatini?"

Akaniahidi, lakini kwa mdomo tu. Nawafahamu wanaume wa huruma, mkono wao huwasaliti. Tena kulikuwa na tatizo la pili. Misak angefungua kitabu kilichomo kichwani mwake, na Zaven angekutana na ukurasa mtupu kabla hata vumbi halijatulia. Nililifikiria hilo huku nasuka nywele za watu, nikalipatia ufumbuzi na kulitangaza papo hapo, na maneno ya saluni yangu hayana tabia ya kulala saluni. Ilipofika jioni ua mzima ulijua sharti, ulijua pia habari ya mfalme na mkate. Hatua tatu za kwanza za kila mchezaji zingechaguliwa na wanawake.

Ilikuwa Jumapili ya Septemba, wakati wa kuchoma pilipili hoho za kuweka akiba ya baridi. Ua ulijaa moshi, mabeseni ya bilinganya yamezagaa, sisi sote mikono myeusi mpaka viwiko. Zaven akashuka amevaa shati lake jeupe la mitihani. Satenik hakushuka. Alibaki juu, dirisha limefungwa.

Zaven akapata weupe.

"Haya, akina mama," nikasema. "Mwalimu aanze na nini?"

"Askari wa pembeni!" wakapiga kelele. "Yule wa mwisho! Hatua mbili!"

Zaven akamtazama yule askari, akatutazama sisi. "Huyu?"

"Huyohuyo, Mwalimu! Tangu umeanza kazi hujawahi kumwita ubaoni!"

Akamsukuma kwa ncha ya kidole, kwa kinyaa. Misak akaamriwa atoe askari wa mbele ya tembo aliye kando ya mfalme, nyumba moja.

"Hii inamfungulia mfalme wangu mlango!" akalalamika.

"Apate hewa, kuna moshi!"

Ikarudi zamu ya Zaven, na bibi mmoja aliyekuwa anamenya bilinganya, hajainua hata kichwa, akasema, "Toa boti."

"Boti haitoki bandarini..." akaanza Zaven, na hapo akakwama. Nilimwona akikwama. Lakini ua mzima, watoto, mababa, wanawake wenye masizi, wakaitikia kwa sauti ya darasani, "KABLA MFALME HAJALALA!" Uso wa Zaven ukabadilika. Somo lake alikuwa amelipoteza, na kumbe sisi tulikuwa tumemtunzia. Akaitoa boti kwa mkono wake mwenyewe, akaipandisha nyuma ya yule askari wa pembeni.

Mfalme wa Misak akatolewa nje kupitia ule mlango, akasimama mbele ya watu na nguo zake za kulalia. Farasi wa Zaven akatupwa pembeni, na farasi wa Misak akatupwa pembeni pia, ufunguzi wangu wa Miguu ya Ng'ombe, mguu kwa kila sufuria. Kisha tukawaacha.

Zaven akafikiri. Akaishika boti, akaiburuta kando, ikapita mbele ya askari wake wote waliopanga mstari, ikaenda kusimama kumkabili yule mfalme wa nguo za kulalia, askari mmoja tu kati yao.

"Bahari tumeipata," akasema.

Misak akaacha kutabasamu. Akajikuna shingo. Akatoa simu mfukoni kwa mazoea, akakumbuka, akairudisha. Mle ndani hakukuwa na msaada.

"Misak, tukuletee godoro?" mtu akauliza.

"Na mto," akaongeza mwingine. "Na glasi ya meno yake."

Walimsema Misak kila alipochelewa. Zaven alipochelewa, kimya. Niliona Zaven anaukusanya ule ukimya, anauweka mahali. Nikataka kupiga kelele mimi mwenyewe, lakini utani wangu usingemfaa, mimi ni shemeji, kutoka kwangu ni haki yake ya kila siku.

Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, na Mungu ni shahidi Zaven alikuwa anaongoza. Mfalme wake alikuwa ameshalala pembeni, boti ilikuwa imeshakula askari wawili. Kisha, katikati ya mchezo, mkono wake ukasimama hewani juu ya tembo. Kama Juni. Akacheza, lakini Misak alikuwa ameshaona. Tazama sasa mkono wa mwenye huruma. Ukachukua farasi, ukazunguka naye kidogo hewani, ukamtua mahali ambapo tembo wa Zaven angemla bila kutoa jasho.

"Lo," akasema Misak. "Nimekosea."

Zaven akamtazama farasi. Akanyoosha mkono, akamchukua, akamrudisha alikotoka.

"Cheza tena."

"Mwalimu, nimeshaachia kete. Ukishika umecheza, ukiachia umekwisha. Sheria yako wewe mwenyewe."

"Niliwafundisha na mfalme asitoke nje, na tazama wako alivyosimama. Rudia."

"Mwalimu..."

"Misak." Sauti ilikuwa ileile ya kwenye banda la bati. "Ulipokuwa na miaka saba, meno ya mbele huna, ulikuwa unamwona tembo wangu toka upande wa pili wa chumba. Leo humwoni? Cheza unavyojua, au napanda ngazi hii na uwaambie watoto hawa mimi nilikuwa nani."

Misak akawa mwekundu. Akauinamia ubao, viwiko juu ya zege, kichwa katikati ya mikono, na alipoinuka hakuwa tena mwenye duka la dawa. Akacheza hatua iliyomfanya Zaven avute pumzi kwa meno. Hatua nyingine. Wakakabana, wakalana, boti kwa boti, malkia kwa malkia. Zaven alipigana kiume, wala hakuwa mbali. Lakini kosa moja, dogo, na boti ya Misak iliyobaki ikashuka moja kwa moja mpaka mstari wa nyuma kabisa. Mfalme wa Zaven alikuwa pale kitandani, nyuma ya askari wake watatu, kama tulivyofundishwa sote. Hakuwa na pa kutokea.

Zaven akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akamlaza mfalme ubavu.

Pilipili zilikuwa zinaungua na hakuna aliyezigeuza. Misak mikono mapajani, rangi imemtoka, kama aliyevunja kitu cha watu. Na Zaven hakuwa anamtazama Misak, alikuwa anatutazama sisi, uso kwa uso, anasubiri. Nilielewa anachosubiri. Mtu mmoja tu angesema "pole, Mwalimu," na tungekuwa tumempoteza.

Misak akakohoa.

"Mwalimu," akasema, "mfalme wako kalala hivyo mpaka kafungiwa nyumba kwa nje." Kisha likamtoka. "Angekwenda kununua mkate angepona!"

Mtu mmoja akacheka puani. Halafu kicheko kikapasuka.

"Alisahau ufunguo!"

"Askari watatu mlangoni, na wote viziwi!"

"Mwalimu, hiyo boti uliyoipeleka baharini ilirudi na samaki?"

"Nyamazeni, majahili!" akanguruma Zaven, amesimama, kidole juu. "Misak, wewe umeshinda kwa sababu ya moshi! Nikupe mtihani wa darasa la pili ufeli mbele ya mkeo! Na wewe unayecheka na beseni, mwanao bado anamwita tembo punda!"

"ZAVEN!"

Sauti ilitoka juu. Tukainua vichwa sote, naye akainua. Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi, na dada yangu alikuwa ameinama nje na ndoo.

Maji yalimpata barabara. Yalimpata kichwani, yakaingia kwenye shati la mitihani, yakafagia kete zote mezani, askari wakaenda kuelea kwenye beseni la bilinganya.

"Dada!" nikapiga kelele. "Vardavar ilishapita!"

"Yeye ilimruka!" akajibu Satenik, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Nani aliwaambia mnisikilize?"

Zaven alisimama pale anachuruzika, nywele zimemganda usoni, mdomo wazi. Akatafuta tusi, tukamwona analitafuta, na lilikataa kuja kwa sababu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Basi watoto ndio waliokuwa wakisubiri ruhusa. Walimmalizia ndoo zote za kuoshea pilipili. Mimi nililia, sifichi, na masizi yakanijaa usoni nikatisha watu.

Lile shati likaanikwa kwenye kamba inayovuka ua. Lilikauka jioni ileile, lakini Zaven alikataa lianuliwe. Likakaa pale wiki nzima, likiyumba juu ya vichwa vyetu, na kila mgeni aliyeuliza ni la nani aliambiwa ni la Mwalimu, alimwagiwa maji.

Jumapili iliyofuata nilimkuta mezani kabla yangu, kete zimepangwa, amejipa weupe bila kuuliza. Nikakaa. Akapitisha mkono wake juu ya askari wa katikati, akawapita wote, akaenda mpaka pembeni kabisa, akamshika yule wa mwisho na kumtoa hatua mbili.

Nikamtazama mwalimu wa sataranji wa Gyumri nzima.

"Zaven," nikamwambia, "wewe ni aibu ya ukoo."

"Cheza," akasema. "Au nikuletee godoro?"